Swali la "Ulivaa Nini?" Limetuumiza Vya Kutosha

Wiki hii msichana mmoja kanitumia ujumbe mrefu. Kabakwa na mtu aliyezoea kumpa lifti kutoka chuoni, na rafiki zake wanamwambia alijipeleka mwenyewe, kwani nani alimlazimisha kupanda gari? Mwisho kaniuliza: "Dada, kweli nilijitakia?" Nimemjibu palepale kwamba hapana. Lakini nataka na ninyi mnaonisoma mlisikie jibu hili, maana wengi wenu mna dada na binti nyumbani.

Mimi niliulizwa nilivaa nini kabla sijaulizwa naumwa wapi. Nilikuwa naishi Morogoro kwa mama mkubwa, na aliyenifanyia alikuwa mtu wa nyumbani: rafiki wa kaka zangu, anakula kwetu, watoto wanamkimbilia akiingia getini. Siku hiyo nilivaa dera, lile la kushindia nyumbani, limefika mpaka vidoleni. Nilipolitaja, swali likahama: mbona hukupiga kelele? Nikasema sauti haikutoka. Nikauona uso wa mama mkubwa unabadilika. Kwake yeye, asiyepiga kelele karidhia.

Akanipa ndoo ya maji ya moto na kipande cha sabuni, akaniambia nikaoge. Dera akaliloweka kwenye beseni. Kabla ya magharibi wazee wa upande wa pili walishafika sebuleni kuomba mambo yaishe kifamilia. Nilisikia kupitia pazia wakitaja pesa. Hakuna aliyenyanyuka kuja kuniuliza mimi nataka nini. Mama mkubwa alinipenda, na ndiyo maana maneno yake yaliniumiza kuliko ambavyo mgeni yeyote angeweza. Bado yanauma.

Leo binti wa mtaani kwetu akipatwa na jambo, mimi ndiye ninayegongewa mlango. Nimekaa na wasichana kwenye mabenchi ya Dawati la Jinsia na Watoto kule polisi, nimewashika mkono wakiandikisha maelezo, na najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho. Na huko kote nimekuta maneno yaleyale ya sebuleni kwetu. Alijitakia. Amemtega. Angekuwa hataki angepambana. Mwanaume akishikwa na hamu hawezi kujizuia. Neno hili la mwisho ndilo linanichosha zaidi, kwa sababu mwanaume huyohuyo hukaa ofisini na bosi wake wa kike mwaka mzima na anajizuia vizuri kabisa.

Mwili wa mtu aliyeshikwa na hofu unaweza kuganda. Mikono haiinuki, koo linakauka. Sheria yetu ya Tanzania inalijua hilo: tangu mabadiliko ya mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu inasema majeraha ya kupambana si lazima yawepo ndipo ithibitike kwamba mtu hakuridhia. Na wanaosema "hakuna shahidi" wajue kwamba Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi ulio bora wa ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Sasa wewe shangazi, wewe kaka, unadai mashahidi wangapi pale jikoni?

Basi akija kwako, mwamini. Maswali ya njia aliyopita na saa aliyotoka, waachie wapelelezi. Mwambie "nimekusikia, twende." Mwamini hata kama anayetajwa ni mtu wa heshima, hata kama ni mchumba wake, hata kama anayekusimulia ni mvulana; nao hufanyiwa, na wao ndio hufungwa mdomo kabisa.

Asioge kwanza. Nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani za kwenye plastiki huvunda. Polisi watampa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea sebuleni kwenye kikao cha wazee inampunguzia nafasi. Akizianza, atazimeza siku 28, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumkumbusha na kumwekea chakula. Vidonge vya kuzuia mimba navyo vina muda wake, siku tano, na vinafanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Wazee wakija na bahasha, warudishe nayo. Kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri, si ya ukoo.

Na kama ameshaoga, na nguo zimeshafuliwa, aende hivyohivyo. Daktari bado ana cha kumpima na dawa za kumpa, na maelezo yake polisi yana uzito uleule.