Bweni la vipanga au la mchanganyiko? Mimi nasema mchanganyiko

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwanao amefaulu sana, chuo kinamwambia achague kati ya bweni la wanafunzi bora na bweni la mchanganyiko, ungemshauri akae wapi? Jibu langu ni mchanganyiko. Najua wengi watanipinga, na mmoja wao naishi naye nyumba moja. Nitamfikia.

Mimi nimelala bweni la vipanga. Nilisoma Mzumbe, mojawapo ya zile shule za serikali za vipaji maalumu, kundi moja na Ilboru, Kibaha, Kilakala na Tabora. Kila kijana pale alikuwa wa kwanza huko alikotoka. Wiki chache baadaye unarudishiwa jaribio la hesabu, umekuwa wa thelathini na nane, na karatasi hujui uifiche wapi. Faida yake siikatai. Prepo haikusubiri mwalimu wa zamu, na ukilala mapema unajisikia kama umeiba kitu. Lakini miaka yote ile sikumbuki mtu akisimama katikati ya bweni na kusema, "Jamani, hiki mimi sijakielewa." Nani aanze? Unangoja wenzako wasinzie, unawasha tochi chini ya shuka, unakariri.

Mwaka 2004 nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma uchumi. Wenzangu wa Mzumbe walijipanga kukaa pamoja kule Mlimani, kampasi kuu, lile bweni letu lile lile, limehamia mjini tu. Majina yalipotoka, langu likawa Mabibo, hosteli nyingine ya chuo, upande wa pili wa Barabara ya Morogoro. Nilihangaika kutafuta wa kubadilishana naye, sikumpata. Kwa hiyo msidhani nilichagua kwa busara.

Kitanda cha chini yangu, kwenye ile dabo deka, alilala kijana wa sheria kutoka Ilula, kule Iringa kwenye nyanya. Usiku mmoja nakesha na madesa ya jaribio la elastisiti, yaani bei ikibadilika watu wanabadilisha manunuzi kwa kiasi gani, akanyanyua kichwa na kuniuliza: "Mchumi, mzee wangu analima nyanya. Mwaka zikizaa sana ndio mwaka tunaokosa ada. Kwa nini?"

Nikamtajia fomula. Akasema hajauliza fomula. Nikaiandika. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema bado hajajibiwa.

Nilishuka kitandani. Tulichukua maharage kwenye mfuko wake, tukayapanga juu ya daftari: haya matenga ya mwaka mbaya, haya ya mwaka mzuri, hapa bei. Ilichukua karibu saa nzima mpaka mimi mwenyewe nione kwamba mama wa Dar hapiki nyanya mara mbili kwa sababu tu zimeshuka bei. Mchuzi ni ule ule. Kwa hiyo ili matenga yote yale yanunuliwe, bei lazima iporomoke kuliko mavuno yalivyoongezeka, na mkulima hana pa kuziweka asubiri, zitaoza. Fomula niliyoijua tangu kidato cha tano niliielewa usiku ule, nimepiga magoti sakafuni, na aliyenifundisha ni mtu ambaye hakuwahi kusoma uchumi. Mwenzangu wa Mzumbe asingeuliza. Na angeuliza, ningemtajia fomula, naye angetikisa kichwa kwa aibu, tukalala.

Wamarekani jambo hili wamelifanya rasmi. Chuo kikuu cha Arizona State wana Barrett, chuo cha vipanga ndani ya chuo, na tangu 2009 pale Tempe kina majengo yake: vyumba, madarasa, ofisi za walimu na mgahawa humo humo. Masomo mengine wanachanganyika na wenzao, sawa. Mimi kinachonitia wasiwasi ni mgahawa. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima hajala sahani moja na mtu wa kumuuliza habari za nyanya.

Uzuri wa jengo nao usimbabaishe mtoto. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilipofunguliwa mwaka 2017, majengo 20 ya watu 3,840, mdogo wangu alinipigia simu kunisifia rangi na vitanda vipya. Nikamuuliza majirani zake wanasoma nini. Alikuwa hajui, na mwezi ulikuwa unaisha. Mwanangu akiruhusiwa kutembelea mabweni kabla ya kuchagua, ningemwambia aende saa nne usiku, apite kwenye korido ahesabu milango iliyo wazi.

Sasa yule wa nyumbani. Mke wangu alisoma Kilakala, na nilipomsomea aya hizi alicheka. Anasema maharage yangu ni hadithi ya mwanaume. Chuoni alipangwa chumba cha mchanganyiko na kila alipofungua kitabu Ijumaa jioni aliulizwa kama anasomea upadri. Mwaka wa pili alijikusanya na wasichana watatu wa msuli wakaomba chumba kimoja, na anasema ndipo alipopumua. Bweni ambalo hakuna anayekuonea ajabu kwa kusoma, kwake, lina thamani kuliko milango yote iliyo wazi. Hapo sina jibu zuri. Nilimwambia wale watatu walisoma fani tofauti, kwa hiyo nao ni mchanganyiko. Akasema nisimlaghai.

Binti yetu ameingia kidato cha tano Julai hii. Tuna miaka miwili ya kubishana.