Orodha za Majimbo Bora na Kauli za Wakazi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu anatarajia kuhamia Marekani kikazi. Je, orodha za majimbo yenye maisha bora zinalingana na wanavyosema wakazi wenyewe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, inategemea kilichopimwa. Mwaka 2009 wanauchumi Andrew Oswald na Stephen Wu walichapisha katika jarida la Science utafiti uliotumia majibu ya Wamarekani wapatao milioni 1.3 kuhusu kuridhika kwao na maisha, wakayalinganisha na vipimo vya jua, hewa, uhalifu, kodi na muda wa safari za kazini, na kwa jumla pande hizo mbili zilikubaliana vizuri. Hata hivyo, baada ya kuzingatia tofauti za kipato, Louisiana ndiyo iliyoongoza kwa kuridhika, na New York, pamoja na sifa zake zote, ikashika mkia. Louisiana hiyohiyo iliwekwa nafasi ya 50, yaani ya mwisho, katika orodha ya majimbo bora ya mwaka 2024 ya U.S. News & World Report, chombo cha habari cha Marekani, kwa kuwa orodha hiyo hutazama uchumi, elimu, afya na usalama. Binti yako asome vigezo kwanza, kisha, na hili nalisisitiza, awaulize wakazi wa mtaa anaoukusudia, kwa sababu wastani wa jimbo hauoneshi pango la nyumba atakayoipanga.