Jibu la swali la wiki: Kiko kisizimike upepeni

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa swali la msomaji wa Makambako anayetaka kujua afanye nini ili kiko chake kisizimike anapokivuta nje, hasa kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma mchana kutwa. Swali hilo limenigusa, kwa sababu hapa Mafinga nami ni mvutaji wa nje tu. Nyumbani kuna wajukuu, na moshi wa tumbaku humdhuru hata asiyevuta, kwa hiyo tangu mjukuu wa kwanza alipozaliwa sijawasha kiko chini ya paa. Wala simshauri asiyevuta aanze, maana kiko huleta saratani ya mdomo na ya koo hata kama moshi wake haumezwi. Namjibu mwenzangu ambaye tayari anavuta.

Jambo la kwanza ninalotaka alijue ni kwamba upepo kwa kawaida hauzimi kiko, bali hukichochea. Ukiingia kwenye bori, yaani kile kibakuli cha kutilia tumbaku, moto hukimbilia upande mmoja, tumbaku ya upande huo huungua upesi hadi chini, na ya upande wa pili hubaki mbichi. Mvutaji akiona moshi umepungua hudhani moto unakufa, naye huanza kuvuta kwa nguvu na kwa haraka, na hapo ndipo anapokizima mwenyewe. Tumbaku inayoungua kwa ukali hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo ukipita kwenye bomba lililopoa kwa baridi ya huku kwetu hugeuka maji, maji hurudi chini ya bori, na tumbaku iliyo chini hulowa. Ukisikia kiko kinakoroma, ujue maji yameshafika. Moto ukishuka mpaka kwenye tumbaku hiyo iliyolowa lazima uzimike, na lawama zote huenda kwa upepo.

Jambo hili nilifundishwa na bibi yangu, ambaye hakuwahi kutia kiko kinywani. Jioni, baada ya kuipua ugali, alikuwa akichagua kaa moja kubwa la mti mgumu, akalilaza katikati ya mafiga na kulifukia kwa jivu. Alfajiri aliliondoa jivu kwa kijiti, akaweka majani makavu, akapuliza mara mbili tatu, na moto ukashika bila kiberiti. Kaa lililoachwa wazi lilikuwa limekwisha kabla ya usiku wa manane. Kiko cha nje kinahitaji malezi hayohayo: kaa dogo, lililofunikwa na jivu lake lenyewe, linalopata hewa kidogo kidogo.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kuwasha. Tumbaku ya mvuke, yaani iliyokaushwa kwa hewa ya moto, ile ya rangi ya dhahabu inayolimwa kwa wingi Chunya, ina sukari nyingi na huungua kwa moto mkali, hivyo peke yake upepeni inasumbua. Mimi huichanganya na tumbaku ya moshi, yaani iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, kutoka upande wa Songea, nyeusi na nzito, ambayo huungua polepole na kushika kaa vizuri zaidi. Sehemu mbili za mvuke kwa moja ya moshi zinanitosha. Unyevu nao upimwe kwa vidole. Ukiibana tumbaku kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ukaiachia, inatakiwa ijifungue taratibu. Ikibaki imeshikana kama donge ni mbichi mno, na kwa tumbaku ya namna hiyo hata anayevuta chumbani atawasha na kuwasha. Iachwe juu ya karatasi nusu saa. Ikivunjika na kuwa unga imekauka mno, na upepo utaimaliza kabla hujakaa vizuri.

Kuijaza sitakueleza kwa kirefu, kwa sababu mkono hujifunza wenyewe: chini iwe legelege, katikati ikaze kidogo, juu ikaze zaidi. Kwa kuvuta nje, tabaka la juu nalikaza kuliko ningefanya penye utulivu, na naacha nafasi ya nusu sentimita kati ya tumbaku na ukingo wa bori, ili ukingo wenyewe uwe ukuta. Kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu. Ikipita kwa shida, kama unayevuta maji kwa mrija ulioziba, mwaga tumbaku yote uanze upya.

Sasa kuwasha. Naupa upepo mgongo, nainama mpaka kidevu kikaribie kifua, na mkono wa kushoto naukunja kama kata ya kuchotea maji, bori likiwa ndani yake. Njiti ya kiberiti naiwasha ndani ya hicho kivuli cha kiganja na kuiacha mpaka kichwa chake kiishe na mti wenyewe ushike moto, kwa sababu moshi wa baruti ya kiberiti huharibu ladha. Kisha naizungusha juu ya tumbaku yote huku nikivuta taratibu. Tumbaku huinuka na kujikunja kama majani makavu yaliyoguswa na moto wa shamba. Hapo wengi huondoka wakidhani kazi imekwisha, kumbe huo ni moto wa kuandaa tu. Uache uzimike. Shindilia kidogo kile kilichoinuka, kwa kitu butu (mimi natumia msumari wa inchi nne niliousugua kichwa kikawa laini), halafu washa mara ya pili. Moto wa pili ndio unaokaa, kwa kuwa juu kuna tabaka jembamba lililokwisha kuwa mkaa, lililolala sawasawa.

Baada ya hapo usimwage jivu. Hilo ndilo blanketi. Kila baada ya dakika kadhaa liguse kwa kishindilio, kwa uzito wa kishindilio chenyewe bila kukandamiza, ili jivu ligusane na kaa. Upepo ukizidi, weka kidole gumba juu ya mdomo wa bori na uache mwanya mdogo, ukivuta kwa mwendo wa pumzi yako ya kawaida. Katika mashindano ya kimataifa ya wavuta kiko, kila mshindani hupewa gramu 3 za tumbaku na njiti 2 tu, na mahodari wao huvuka muda wa saa mbili bila kuwasha tena. Wanaowasindikiza ni wale wanaotoa moshi mwingi.

Vipo pia vifuniko vya bati vyenye matundu, ambavyo Wajerumani wamevitumia tangu zamani kwenye viko vyao. Vinafaa, na vilevile vinazuia cheche, ila vinashika joto, hivyo mwendo wa kuvuta upunguzwe zaidi. Aliye na kiko cha udongo akikinge kwa kitambaa, maana udongo uliopata moto ukipigwa na upepo wa baridi huweza kupasuka.

Mwenzangu asione haya kuwasha tena. Niliwahi kukaa siku mbili upande wa Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ambako kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, na njiti mbili zinazonitosha Mafinga hazikunitosha kabisa. Kikizimika katikati, piga bomba kwa kijiti chenye pamba kutoa maji, shindilia, washa. Kikikaribia kwisha na kikakoroma tena, kiache. Tumbaku iliyobaki chini ni chungu na haina faida.

Limebaki jambo ambalo mwenzangu hakuliuliza, nami siwezi kumaliza bila kulisema, kwa kuwa tunaishi jirani na misonobari ya Shamba la Miti Sao Hill na kiangazi majani yake makavu yamejaa chini kila mahali. Kaa tulilolilea lisizimike halizimiki pia tunapotaka lizimike. Mwaka mmoja niligonga kiko changu kwenye kisiki nikiamini kimekufa. Kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi kilibingirika nyasini, na nilipogeuka moshi ulikuwa umeshapanda. Niliuzima kwa matawi mabichi na kwa koti langu. Tangu siku hiyo nakuwa na kopo la maziwa lenye maji kidogo chini yake. Navuta pale palipolimwa au barabarani tu, jivu lote naligongea ndani ya kopo, nalikoroga kwa msumari wangu mpaka lisitoe sauti, ndipo nakirudisha kiko mfukoni.

Msomaji wenu,
Mafinga