Eti dini haiuzi dera?

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Nauza madera na mitandio hapa Ngamiani, Tanga, kila Jumamosi mchana nafunga naenda darsa ya akina mama, sasa jirani yangu wa meza ananicheka eti dini haiuzi dera. Na kweli wateja wanapita. Hii elimu inanisaidia biashara au nangoja malipo Akhera tu? Halafu madeni yananimaliza, mtu anabeba dera anasema mwisho wa mwezi, ndo imetoka hiyo.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hao unaowadai umewaandika? Hujawaandika, unaona aibu, shoga yangu nitamwandikaje. Haya fungua Suratul Baqara aya ya 282, ndo aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani nzima, na inaongelea deni: liandikwe, liwe dogo liwe kubwa, pamoja na siku ya kulipa, na mashahidi wawepo. Kwahiyo shoga akinuna mwambie nimeamrishwa, yameisha. Nunua kaunta buku, andika jina, dera gani, bei, tarehe, asaini. Aya ya 280 inasema aliyekwama kweli apewe muda, sawa, muda, sio kumsahau!

Bei ya mkopo wanazuoni wengi wanaruhusu izidi ya keshi, ila mkubaliane kabla hajaondoka na mzigo, mkisema elfu kumi na nane basi ni hiyohiyo, akichelewa huongezi hata mia, hiyo sasa ni riba.

Ila kinachonifurahisha mimi ni zaka. Kila mwaka wa Hijria unapiga hesabu ya mzigo wote kwa bei ya kuuzia siku hiyo, unajumlisha keshi na madeni yanayolipika, unapunguza madeni unayodaiwa wewe, ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na mwaka umetimia unatoa shilingi 25 kwenye kila 1,000. Hata kama hufikii, we hesabu tu. Mimi enzi nauza mitandio nilihesabu nikakuta dazani mbili za kijani nimezikalia tangu Idi iliyopita, mtaji umelala pale halafu nalia sina hela!

Mwombeni na mwalimu wenu awasomeshe hukumu za kuuza na kununua, sio udhu kila wiki. Na Jumamosi usifunge, mwachie binti meza masaa mawili hayo, ila bei mwandikie kwenye karatasi asije akakuuzia kwa hasara.