Kwa mtendaji mpya wa mtaa: barua ya baa usiiandike mchana

Mwakeye, wadogo zangu. Naandika kwa ninyi mliopangiwa utendaji wa mtaa hapa Kigoma, hasa mliotoka mikoa mingine na bado mnajifunza kupanda vilima vya Mwanga bila kuhema. Kazi hii nimeifanya miaka 11, katika mitaa mitatu. Nimepiga mhuri kwenye karatasi za kila namna: mirathi, mikopo, dhamana za polisi, uhamisho wa wanafunzi. Hakuna zilizoninyima usingizi kama barua za watu wanaotaka kufungua baa, glosari au sehemu ya kuuza chakula usiku.

Mtaambiwa kwamba leseni inaamuliwa halmashauri, siyo mtaani. Kisheria ni kweli. Kileo kina Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, biashara nyingine zina Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na hakuna hata moja inayompa mtendaji wa mtaa mamlaka ya kutoa leseni. Siku hizi mwombaji anajaza maombi kwa simu yake kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, anapata namba ya malipo, analipa, anasubiri. Lakini hebu fikirini nani anayelisoma hilo ombi. Afisa biashara ana kata 19 mikononi mwake. Diwani wa kata ya mbali hajui kama nyuma ya jengo hilo kuna zahanati au shamba la muhogo. Wote wanaitazama barua yako. Ukiandika "hakuna pingamizi", umeshaamua, na wao wanamalizia tu.

Mimi niliandika maneno hayo mawili nikiwa na mwaka mmoja kazini.

Mwombaji alikuwa kijana mstaarabu, anaomba kufungua baa kwenye nyumba aliyoikodi kwa mkataba. Alikuja na karatasi yenye saini za majirani saba, majina yameandikwa vizuri, namba za simu zipo. Nilitoka naye saa 5 asubuhi kwenda kuona. Nikakuta pametulia, pamefagiliwa, choo kipo, ua una mwembe mkubwa wa kivuli. Nikarudi ofisini nikaandika. Kikao kikapitisha, na kwa nini kisipitishe? Karatasi ilisema majirani wote wameridhia.

Baada ya wiki tano alikuja ofisini mama mmoja anayeuza vitumbua. Hakuja kwa ukali. Aliketi kwenye benchi akaniuliza, "Mtendaji, wewe unajua mimi naamka saa ngapi?" Nikasema sijui. "Saa tisa usiku. Mchele niliouloweka jana nausaga, naumua, saa kumi na moja niwe nimewasha jiko, saa kumi na mbili bodaboda na wanafunzi waje wanunue. Nalala baada ya isha. Sasa spika za baa zimeelekezwa dirishani kwangu na wanaume wanakojoa ukutani kwangu. Hiyo saini yangu wewe uliiona wapi?"

Nikatoa jalada. Jina lake halikuwemo. Tukazipitia saini saba pamoja, yeye akinionyesha kwa kidole. Wawili walikuwa wapangaji waliokwisha kuhama. Mmoja alikuwa mwenye nyumba anayeishi Kasulu, huja Kigoma kukusanya kodi. Mwingine ndugu wa mwombaji. Waliobaki watatu walikuwa majirani kweli, ila wa upande wa barabara, ambako muziki haufiki. Nyuma ya ukuta, kule uani, hakuna aliyeulizwa.

Kwa hiyo la kwanza: usipokee saini zilizokusanywa na mwombaji. Zikusanye mwenyewe, ukiwa na mjumbe wa kamati ya mtaa, na uanze na nyumba za nyuma. Kila nyumba uliza swali moja kabla ya kuomba saini: hapa nani analala, na analala saa ngapi? Swali hilo litakuonyesha muuguzi wa zamu, mzee mgonjwa, mtoto wa kidato cha nne, mama wa vitumbua. Mwenye nyumba asiyeishi hapo mwandike, lakini pembeni ya jina lake andika kwamba haishi hapo.

La pili lilinichukua muda mrefu kulielewa, na naona hata watendaji wazoefu hawalisemi. Sikukosea saa tu. Nilikosea siku.

Kigoma ni mji wa ziwa, na pesa ya usiku inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Siku za giza vijana wa Kibirizi wako majini usiku kucha, asubuhi wanaanika na kuuza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina nguvu, mitumbwi inakaa nchi kavu kama wiki hivi, na vijana wana pesa mfukoni na hawana kazi ya kufanya usiku. Hizo ndizo siku baa inajaa. Mimi nilikwenda kukagua wakati wa giza. Hata kama baa ingekuwa imeshafunguliwa na ningekwenda saa 5 usiku badala ya saa 5 asubuhi, ningekuta meza tupu na mhudumu anasinzia, ningeandika vilevile kwamba pametulia. Mtaa wa mwambao, Kibirizi au Bangwe, ukaguliwe mara mbili: wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Mitaa ya juu isiyo na wavuvi, nendeni mwisho wa mwezi watu wakishapokea mshahara.

Na mkienda, simameni pia pale ambapo sauti inafika. Mji huu ni vilima na mabonde. Spika iliyofungwa bondeni wanaoisikia zaidi ni walio kilimani, na ng'ambo ya ghuba sauti inapita juu ya maji kana kwamba hakuna kitu kati. Nimepata malalamiko ya haki kabisa kutoka kwa watu ambao nyumba yao huioni ukiwa umesimama mlangoni kwa baa.

Sasa sikilizeni kuhusu miezi sita, maana hapa ndipo mtendaji ana nguvu yake. Leseni ya kawaida ya biashara ni ya miezi 12. Leseni ya kileo ni ya nusu mwaka: Aprili mosi hadi Septemba 30, kisha Oktoba mosi hadi Machi 31. Maana yake, mara mbili kwa mwaka mwenye baa anarudi kuomba upya. Kelele za katikati ya kipindi zinasikilizwa, polisi wanakuja, anaonywa, wiki mbili baadaye mambo ni yaleyale. Lakini mwezi Machi na mwezi Septemba anakuhitaji. Ukiwa na daftari lenye tarehe, saa, na ulichokiona, una cha kuweka mezani. Ukiwa na hasira tu, huna.

Mimi nilipofika Machi ile na mama wa vitumbua bado analalamika, sikuwa na daftari. Nilikuwa na kumbukumbu za mdomo. Afisa mmoja akaniwekea mbele barua yangu mwenyewe, mwandiko wangu, "hakuna pingamizi", akaniuliza nini kimebadilika. Sikuwa na jibu lenye tarehe. Leseni ikatoka tena kwa miezi sita. Mama yule aliendelea kukatizwa usingizi hadi Septemba kwa sababu mimi sikununua daftari la shilingi elfu moja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kuna mtego mwingine ndani ya kipindi hicho cha Aprili hadi Septemba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Miezi mitatu kati ya sita. Ziwa likifungwa pesa inapungua, na baa za mwambao zinapoa zenyewe. Ukisoma daftari lako mwezi Septemba utaona malalamiko yamepungua, utadhani mwenye baa amejirekebisha. Huenda ni ziwa tu lilifungwa. Linganisha na Oktoba hadi Machi ya nyuma kabla hujampongeza.

Kuhusu masharti. Barua nyingi nilizorithi kwa watangulizi wangu zilisema "azingatie sheria na utulivu". Sharti la namna hiyo huwezi kulikagua. Andika kitu ambacho mjumbe wa mtaa anaweza kukiona kwa macho akipita: spika zote ziwe ndani ya jengo na ziangalie barabara; mlango wa uani ufungwe saa 3 usiku; vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake, vyenye taa; asiyefika miaka 18 asiuziwe wala asihudumu. Saa ya kufungua na kufunga isome kwenye leseni yenyewe, uinakili, usikubali kuambiwa. Tena ujue unachokagua ni leseni gani, kwa sababu ya kuuza mteja aondoke na chupa yake siyo ile ya kunywea hapohapo. Glosari nyingi zimekatiwa ya kwanza na zimepanga viti kama ya pili.

Katika saa za kufunga mtakutana na ubishi ambao una ukweli ndani yake, na nawaomba msiudharau. Jua la Kigoma linazama takriban dakika 40 baada ya jua la Dar es Salaam, na saa za ukutani ni zilezile. Huku saa 1 bado kweupe, watu wanaanza kutoka saa 2, na mfanyabiashara anaona usiku wake umekatwa. Ni hoja ya haki. Mahali pake ni kwa diwani na kwenye vikao, siyo kwenye makubaliano ya chinichini kati yako na yeye.

Nimesema mengi ya baa. Chakula cha usiku ni habari nyingine, na hapa mimi sikubaliani na wenzangu wengi. Kila baa ikileta fujo, wa kwanza kuondolewa ni mchoma samaki wa migebuka na banda la chipsi lililo mbele yake. Ndiye rahisi kumwondoa. Mwaka mmoja mtaani kwangu waliondolewa wote kwenye kona moja kwa operesheni ya usafi, na ile kona ikabaki giza. Kumbe taa zao ndizo zilizokuwa taa za mtaa, na macho yao ndiyo yaliyokuwa ulinzi. Akina mama waliokuwa wakishuka hapo usiku wakaanza kushukia mbali na kulipa bodaboda. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wanafika saa za ajabu wakiwa na watoto wenye njaa. Treni nayo haichagui saa ya kuchelewa. Ujiji mwezi wa Ramadhani inakula usiku: watu wanatoka tarawehe, wengine wananunua cha daku. Mji wa namna hii unahitaji sufuria iliyo motoni usiku.

Basi mtetee mwuza chakula, lakini mtetee akiwa safi. Cheti cha kupima afya, kinachorudiwa kila miezi sita, kiwe chake na cha kijana anayemsaidia, maana mara nyingi bosi amepima na anayekata kachumbari hajapima. Ndoo ya koki na sabuni. Maji machafu yasimwagwe barabarani. Jiko la mkaa lisiegemezwe kwenye ukuta wa mbao. Mwenye mgahawa ndani ya jengo mkumbushe kuwa tangu mwaka 2019 usajili wa majengo ya chakula ulitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango, asije akapoteza nauli kuuliza pasipo husika. Kwenye barua yako mpe aya yake peke yake. Usimfunge kamba moja na baa, ili siku baa ikikataliwa yeye abaki.

Wauza lubisi na pombe nyingine za kienyeji wana leseni yao ndani ya sheria ileile ya vileo. Waelekezeni, wengi hawajui kama ipo. Gongo ni jinai, hapo hakuna barua ya kuandika.

Mtapigiwa simu. Mheshimiwa fulani atasema huyo ni mtu wake. Mwombaji ataacha bahasha ya "soda" ndani ya jalada, ameichomeka kati ya nakala ya kitambulisho na mkataba wa pango. Irudishe palepale mbele ya mjumbe wa kamati, siku hiyohiyo, na uandike kwenye daftari kwamba umeirudisha. TAKUKURU wapo, ndiyo, lakini zaidi ya hao ni hivi: ukishaipokea, mbele ya mama wa vitumbua utaangalia chini.

Yule mwenye baa bado yupo. Septemba ile nilikwenda na kurasa 14 za tarehe na saa, na leseni yake ya Oktoba ikatoka na masharti manne. Alijenga choo cha pili, spika akazigeuza, mlango wa uani akauziba kwa tofali kabisa. Biashara yake haikufa. Mama anaamka saa 9 kama zamani, na mara moja moja muziki bado unamfikia, siku za sikukuu hasa. Ananipigia, naandika.

Kwa atakayepangiwa mtaa wa kule Kibirizi: kabla hujapanga siku ya kwenda kukagua, waulize waanika dagaa mwezi uko siku ya ngapi.