Almasi kainunua mtandaoni, sonara anasema ikivunjika yeye hamo

SUALI: Asalaam alaykum bibi. Mimi niko Wete, ndoa yetu inatimiza miaka 10 na nataka nimfanyie mke wangu pete ya almasi bila ya yeye kujua. Nimenunua almasi mtandaoni, ya duara, karati 0.50, ina cheti cha GIA, ile taasisi ya Marekani inayopima almasi, shemeji kaipokea Dubai akaniletea. Dhahabu ya kuyeyusha ipo, bangili ya karati 22, gramu 6, marehemu mama alimpa mke wangu kwa mkono wake. Nimevuka Unguja nikaenda kwa sonara mmoja Mkunazini, kanambia kazi ntaifanya lakini jiwe likivunjika mimi simo. Nikaingia wasiwasi, huyu kazi haijui au vipi? Wa pili kasema niliache tu nirudi zangu Pemba, baada ya wiki atanipigia simu. Nimpe nani?
Mume wa Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mimi huyo wa mwanzo ndo nimempenda, maana kakwambia kweli kabla hajashika pesa yako.

Watu wanaona almasi ndo jiwe gumu kuliko yote basi haivunjiki, kumbe ugumu wake ni wa kutokwaruzika, ukiigonga vibaya pale kiunoni, ule ukingo mwembamba unaolizunguka jiwe, inameguka kipande kama ukingo wa sahani. Na sonara akikunja vile vikucha vya dhahabu vya kushikia jiwe ndo anakandamiza palepale. Ujira wake wa siku ile haufiki hata robo ya bei ya jiwe lako, sasa alilipe kwa kipi? Lakini usikubali hivohivo tu. Kaa nae muandikiane, jiwe likimeguka kwa mkono wake atafidia kiasi gani, au nusu kwa nusu, mtie saini nyote wawili. Muulize ameshatia almasi au anazoea vito vya rangi tu, akuoneshe alotia. Na cheti chako kisome, kina sehemu inasema unene wa kiuno, kama kimeandikwa chembamba sana mwambie mapema.

Huyo wa pili hapana. Simwiti mwizi, ila jiwe lisilofungwa popote, bila karatasi, wiki nzima, na wewe uko ng'ambo ya bahari, hata akiwa mwaminifu vipi likipotea mtasemezana nini?

Kabla hujalikabidhi kwa mtu fanya hivi, na ukishalitia kwenye pete huwezi tena kulipima. Mwambie sonara aliweke kwenye mizani yake ya dhahabu, karati ya almasi ni uzito, karati moja ni gramu 0.2, kwahivo lako lisome gramu 0.10. Zile zirkonia za kuigiza ni nzito, ya ukubwa huohuo ingesoma kama 0.17. Upana upimwe, almasi ya duara ya nusu karati inakuja kama milimita 5. Halafu omba lenzi ya kukuza mara 10, zungusha jiwe taratibu kwenye mwanga wa mlangoni, mara nyingi GIA wanachonga namba ya cheti kwa leza kiunoni, vijitarakimu vidogo vya kijivu. Ukiziona ziandike kwenye karatasi yenu, ukija kuchukua pete uziangalie tena (mwambie sonara asizifunike na kikucha). Hiyo namba kaiingize na kwenye tovuti ya GIA uone kama maelezo yanalingana.

Sasa dhahabu, karati yake ni usafi si uzito. Karati 22 ni laini, kwa bangili nzuri, kwa vikucha vya kushikia almasi sikushauri. Mimi nlikuwa na pete ya 22, kikucha kimoja kikainuka kidogo tu, kikawa kinanasa uzi wa buibui langu kila nikivaa, nikapuuza, siku ya harusi ya mpwa wangu naangalia mkononi naona tundu tupu, jiwe sikulipata mpaka leo na roho inaniuma. Kwahivo vikucha viwe vya 18. Bangili yako ina dhahabu safi gramu 5.5, sonara akiongeza shaba na fedha kama gramu 1.3 inatoka 18 gramu 7.3, na pete ya kike gramu 3 au 4 yatosha, kwahivo ipimwe mbele yako na kinachobaki urudishiwe. Ama ile duara ya pete ibaki 22 na kiti cha jiwe tu kiwe 18, masonara wanaweza. Kulehemu na kung'arisha kuishe kwanza, jiwe liingie mwisho, moto usilipate. Kama mkeo ni mtu wa kukuna nazi na kukanda unga kila siku, mwambie sonara alizungushie ukingo mzima wa dhahabu badala ya vikucha, ukingo haunasi kitu.

Ila mwanangu, liko moja limenikaa. Bangili umesema mama alimpa yeye. Basi ni mali yake, si yako, na ni mkono wa mkwewe ule alioubakisha. Ukiiyeyusha kwa siri ili umfurahishe, huwenda akaiangalia pete akalilia bangili. Jiwe mfiche ukitaka, lakini la bangili muulize, na akisema hataki, nunua gramu 4 za 18 kwa pesa yako.