Mzoga wa kuro kando ya korongo: una siku ngapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, wilaya ya Liwale, mkoani Lindi. Tarehe 16 Oktoba tulikuta mzoga wa kuro dume kando ya korongo, hatua chache kutoka shamba la mikorosho. Tumbo lilikuwa limeraruliwa, ngozi imekauka kama ya ngoma, mbavu za upande mmoja ziko wazi. Chini ya kichwa kulikuwa na funza wembamba walio hai, ukiwachokoa wanaruka. Tulipougeuza kwa mti tukaona majivu chini yake, maana moto ulipita bondeni tarehe 28 Septemba, pamoja na punje nyingi za kahawia mfano wa mpunga, nyingine zikiwa tupu. Mwenye shamba anasema alipita hapo tarehe 4 Oktoba na hakuona kitu. Wazee wawili waliwatazama funza wakasema mzoga una siku nne. Sasa watu wanamnyooshea kidole kijana mmoja aliyerudi kijijini tarehe 10. Nimetakiwa kuandika taarifa. Niandike siku ngapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siku nne haziwezekani. Hata sita ni chache mno. Na uliyoyaeleza mwenyewe yanatosha kulionyesha hilo.

Wazee wako hawakukosea kusoma funza. Walimsoma funza asiyehusika. Nzi wa kwanza kufika kwenye mzoga ni wale wakubwa wenye kung'aa, wa kijani na buluu. Wakati wa mchana hawachukui hata saa moja, wanataga kwenye macho, pua, mdomo na penye jeraha. Mayai yao yanaanguliwa kabla siku haijaisha. Kwa joto la huko kwenu Oktoba, funza wanakula siku nne au tano, wananenepa, kisha wanaacha kula na kutafuta mahali pa kujificha: chini ya mzoga, chini ya majani, ndani ya udongo. Hapo ngozi ya funza inakauka na kuwa kasha la kahawia, na ndani yake anageuka nzi. Hizo ndizo punje zako za mpunga. Baada ya siku nne au tano nyingine, nzi anasukuma ncha ya kasha kama mtu anayefungua kifuniko, anatoka, anaenda zake.

Kwa hiyo kasha tupu lenye ncha iliyofunguka linakuambia kwamba kizazi kizima cha nzi kimeshapita hapo. Safari hiyo yote, kutoka yai hadi nzi kuruka, katika joto la nyuzi 27 hadi 30 huchukua siku 9 hadi 12 hivi. Usiku ukiwa wa baridi, kama Juni na Julai kule Newala juu ya uwanda wa Makonde, siku zinaongezeka. Hazipungui kirahisi. Ukitoa siku 9 kwenye tarehe 16 unapata tarehe 7 Oktoba. Kuro huyo alikuwa ameshakufa tarehe hiyo, kama si kabla yake. Kijana unayemsema alikuwa bado hajafika kijijini.

Na wale wembamba wanaoruka? Hao ni wa nzi mwingine, mdogo, mweusi, ambaye hapendi nyama mbichi. Anakuja mzoga ukishaanza kukauka. Wanaokausha samaki Kilwa Kivinje wanamfahamu, kwa kuwa funza wake huingia hata kwenye samaki. Ukimpima umri huyo peke yake utapata siku chache, na hesabu ya siku zake itakuwa sahihi kabisa, ila hizo ni siku za kuwapo kwake yeye pale, si za kufa kwa mnyama. Kwenye mzoga, tafuta siku zote dalili iliyo kongwe kuliko zote. Dalili changa haikuambii lolote kuhusu mwanzo.

Hiyo ni ncha moja ya hesabu, na ncha ya pili umeipata bila kujua. Majivu. Misitu yetu ya miombo huwaka karibu kila kiangazi, na kila kijiji kinakumbuka moto ulipita lini. Mzoga uliokuwepo kabla ya moto huacha chini yake kivuli cha nyasi zisizoungua, na manyoya yake ya juu huwa yameunguzwa. Wa kwako umelalia majivu, basi alianguka baada ya tarehe 28 Septemba. (Hakikisha tu kwamba majivu yapo chini ya mgongo na bega, sio pembeni ambako upepo ungeweza kuyasukuma, na kwamba fisi hawakuuburuta mzoga kutoka kwingine. Ukiona mstari wa mburuto, hoja hii inakufa.) Katikati ya masika usingekuwa na majivu, lakini ungeangalia tope lililorukia mifupa na nyasi zilizopauka kwa kukosa mwanga.

Tumepata basi kati ya tarehe 28 Septemba na tarehe 7 Oktoba. Neno la mwenye shamba lingeibana zaidi, iwe kati ya tarehe 4 na 7. Mimi nisingeliegemea sana. Mtu anayepita akiwaza korosho zake haoni kila kilicholala korongoni, na kuro ana rangi ya udongo. Liandike kama maelezo yake, usilichanganye na ulichokiona wewe.

Kuna mambo mawili yanayowapotosha wengi huko porini. La kwanza ni mifupa kuwa mitupu. Tumbusi wakiwa wengi, na fisi wakapata zamu yao usiku, swala anabaki mifupa siku ya pili. Mbavu wazi hazina maana kwamba muda mrefu umepita. La pili ni kuvimba. Wanyama wanaocheua wana tumbo lililojaa majani yanayochacha hata baada ya kufa, kwa hiyo kwenye joto huvimba ndani ya saa chache. Nimewahi kuona mbogo aliyevimba kama ngalawa iliyopinduliwa asubuhi, wakati jana yake jioni alikuwa akitembea.

Mzoga mbichi kabisa ndio pekee unaoweza kuupima kwa saa. Mwili hukakamaa saa chache baada ya kufa, hulegea tena baada ya siku moja au mbili, na kwa joto lenu hulegea mapema. Tembo ni hadithi nyingine. Kwenye sensa za kutoka angani mizoga yake hugawanywa makundi manne: wenye nyama na majimaji bado, chini ya wiki tatu hivi, wenye ngozi na doa jeusi ardhini, chini ya mwaka, mifupa myeupe na nyasi zilizoota upya, zaidi ya mwaka, na mifupa ya kijivu iliyopasuka, miaka mingi. Ona upana wa makundi hayo, na hao ni watu wenye ndege.

Sasa nikugombeze kidogo. Kuugeuza mzoga kabla hujakagua puani na nyuma si salama. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka kwenye matundu ya mwili, na mnyama hakukakamaa, usimguse, usimpasue. Huenda ni kimeta, na ukimfungua unavipa vijidudu hewa ya kutengeneza mbegu zinazodumu udongoni miaka mingi. Mwite daktari wa mifugo. Kuro wako ameshapita hatua ya kuonyesha hayo, kwa hiyo nawa vizuri, na mti ule uchomwe.

Kwenye taarifa andika hivi: "Makadirio: si chini ya siku 9, si zaidi ya 18, kabla ya tarehe 16 Oktoba", kisha sababu zake, makasha matupu na majivu. Andika pia kama shingoni au mguuni kuna alama ya waya, maana mpaka hapa hatujasema nani alimuua, wala kama aliuawa. Pembe usiziondoe. Ni nyara za serikali, aje azichukue afisa.

Naye afisa akija, mwombe achukue makasha kama 20, matupu na yaliyofungwa. Matupu yawekwe kwenye chupa kavu. Yaliyofungwa yagawanywe: nusu yamwagiwe maji ya moto kisha yaingizwe kwenye spiriti ya duka la dawa, nusu yawekwe kwenye kopo lenye udongo mkavu kidogo, mdomo ufungwe kwa kitambaa cha chandarua. Tarehe na saa ziandikwe kwa penseli, kwa sababu spiriti hufuta wino. Nzi wa mwisho akitoka kwenye kopo, niandikie ilikuwa siku gani.